Yupo Nyumbani Tu

Mwanafunzi wa Kakamega akiulizwa na mwalimu wake, "Mama yako hufanya kazi gani?", aghalabu hujibu upesi bila kufikiri: "Mama hafanyi kazi, yupo nyumbani tu." Hujibu hivyo hata ikiwa karo yake imetoka katika vyungu alivyofinyanga mama huyo, au katika nguo alizoshona, au katika maandazi aliyokaanga kabla ya jogoo la pili. Mtoto hakusudii ubaya. Neno hilo amelisikia kwa baba yake na kwa jirani, na pengine kwa mama mwenyewe. Lakini mimi nina ugomvi na neno dogo lililo mwishoni mwa jibu lake, nalo ni "tu".

Nina ugomvi wa pili, nao ni mkubwa zaidi. Wapo watu wenye nia njema ambao hawasemi kwamba mwanamke huyo hafanyi kazi. Wao husema kwamba amebahatika. Anapata fedha, na papo hapo analea wanawe. Hana nauli ya kulipa, hana mkubwa wa kumkemea, na mtoto yu mbele ya macho yake mchana kutwa. Sifa hii ni tamu masikioni, lakini madhara yake yapita ya dharau. Adharauliwaye aweza kulalamika na watu wakamwonea huruma, bali asifiwaye akilalamika huambiwa hana shukrani.

Basi tuitazame kazi yenyewe, kwani wengi waisifuo hawajapata kuitazama. Asafiriye kutoka mji wa Kakamega kwa barabara ya kwenda Kisumu hupita Ilesi, akaona kando ya njia vyungu, mitungi na vyombo vya kupandia maua vimepangwa vikingoja wanunuzi. Ufinyanzi wa mahali hapo una sifa, nao tangu zamani umekuwa hasa kazi ya wanawake. Chungu hufanywa uani, penye kuku, penye jiko, na penye mtoto mchanga.

Udongo huletwa kutoka bondeni kwa kichwa. Huondolewa mawe na mizizi, kisha hukandwa mpaka uwe laini kama unga wa chapati. Ndipo mfinyanzi hukaa chini akaanza kujenga kutoka kitako kwenda juu. Hapa pana jambo ambalo mnunuzi halijui. Chungu kikubwa hakijengwi mara moja. Sehemu ya chini yapasa ishike kidogo ndipo iweze kubeba sehemu ya juu. Ukiijengea ingali mbichi, chungu huporomoka. Ukiiacha ikakauka mno, udongo mpya haushikamani na wa zamani, na ufa huonekana siku ya kuchoma. Kati ya ubichi na ukavu pana muda mfupi, na fundi aujua kwa ncha za vidole. Muda huo ukipita haurudi.

Mtoto naye ana nyakati zake. Hulia anapolia, huona njaa inapomjia, na akiisha kujua kutambaa huenda anakotaka. Mwanamke ana udongo mpaka viwikoni, mtoto anaita. Akinawa, akamwinua, akamnyonyesha na kumbembeleza, akirudi hukuta ukingo wa chungu umekauka. Akimwacha alie, chungu hutoka kizuri na moyo wa mama huchubuka. Huchagua hivi mara ngapi kwa siku moja? Tena siku hiyo si ya ajabu. Ndiyo siku yake ya kawaida. Siku ya kuchoma ni mbaya zaidi, kwa kuwa vyungu hupangwa juu ya ardhi, vikafunikwa kwa kuni na nyasi, na moto huwashwa waziwazi bila ukuta wala mlango. Moto huo wataka jicho lisilokwepa. Mtoto wa miaka miwili naye ataka jicho lisilokwepa. Mwanamke ana macho mawili, lakini yote hutazama upande mmoja.

Mshonaji aliye na cherehani ya kukanyaga hana moto, lakini ana sindano, mkasi, na kitambaa cha mtu mwingine kisichotakiwa kuguswa na mkono wenye uji. Mkaanga maandazi ana mafuta yachemkayo. Mwalimu asahihishaye madaftari usiku, na mama afanyaye kazi ya kompyuta kwa njia ya intaneti, hawana hatari ya kuungua, lakini wana kazi isiyokubali kukatwa katwa. Mtu aliyekatizwa mara ishirini katika saa moja hakufanya kazi ya saa moja.

Kwa hiyo nasema kwamba mtoto kuwa mbele ya macho si malezi. Hata mbuzi aliyefungwa uani yu mbele ya macho. Kulea ni kusema na mtoto, kumsikiliza, kumcheka, kumkanya, kumfundisha majina ya vitu na adabu ya kusalimu watu. Mtu ambaye akili yake yote imo katika ukingo wa chungu hawezi kufanya hayo, na asilaumiwe. Mwenye kulaumiwa ni yule aliyemwambia kwamba aweza kufanya kazi mbili kwa wakati wa kazi moja, kisha akaiita hali hiyo bahati.

Mwaka 2020 ulitokea ushahidi ambao hakuna aliyeutafuta. Ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya mwezi wa Machi, serikali ilifunga shule zote, na maofisi mengi yakawaambia watumishi wafanye kazi kutoka nyumbani. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi shuleni mwezi wa Oktoba. Wengine walingoja mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo watu wa maofisini, ambao maisha yao yote walikuwa wakifunga mlango wa nyumba nyuma yao kila asubuhi, walikutana kwa mara ya kwanza na jambo alijualo kila mfinyanzi wa Ilesi. Mwezi haukwisha wakaanza kulalamika. Walisema kwamba haiwezekani kuandika hesabu huku mtoto anapanda mgongoni. Walisema kwamba wamechoka, kwamba siku haina mwisho, kwamba hawajui kazi inaishia wapi na nyumba inaanzia wapi. Walisema kweli, na magazeti yaliwaandika, na watu waliwahurumia.

Nami sikatai wahurumiwe. Nauliza tu kwa nini mfinyanzi, aliyekuwa katika hali hiyo kabla ya korona na aliyebaki ndani yake baada ya korona, hakuandikwa na gazeti lolote kwa sababu hiyo. Je, ni kwa kuwa yeye amezoea? Punda naye amezoea mzigo, lakini hatusemi kwamba mzigo umekuwa mwepesi.

Sasa nafika mahali ambapo wewe usomaye, kijana wa sekondari, unaingia katika maneno haya. Watu husema kwamba mama wa namna hii "amesawazisha" kazi na malezi. Mizani ikisawazika, na upande mmoja mzigo ni mzito kuliko nguvu za mtu mmoja, lazima pana jiwe jingine lililowekwa mahali pasipoonekana. Jiwe hilo ni nani?

Ni dada mkubwa. Mchana yuko shuleni, na mama yu peke yake na mtoto, kwa hiyo kazi ya chungu huenda kwa kukatika. Saa kumi jioni msichana wa shule ya kutwa huingia uani na mkoba wake. Hapo ndipo mama hupumua. Mtoto huhama kutoka mbeleko ya mama kwenda mbeleko ya dada, na mama hurudi kwenye udongo ili afidie saa alizopoteza mchana. Kurudi kwa binti kutoka shuleni ndiko kuanza kwa kazi ya kweli ya mama. Binti huteka maji, huwasha moto, hupika, huosha mtoto, humlaza. Na daftari la hesabu hufunguliwa saa tatu usiku, macho yakiwa mazito. Asubuhi mwalimu huuliza kwa nini kazi haikumalizwa. Msichana hunyamaza, kwa maana angesema nini? Akisema alikuwa akilea, ataulizwa, "Kwani mama yako hayupo?" Naye atajibu kwamba yupo, yupo nyumbani tu.

Kaka yake, aliyetoka shule saa ile ile, mara nyingi hupatikana uwanjani akicheza kandanda, au amekaa juu ya kitabu chake kwa amani. Mwisho wa muhula majina yakibandikwa ukutani, watu husema mvulana ana akili kuliko dada yake.

Hili si jambo la Ilesi peke yake, wala la wafinyanzi peke yao. Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilifanya mwaka 2021 uchunguzi juu ya jinsi watu wanavyotumia saa zao, na likaona kwamba wanawake na wasichana wa miaka 15 na zaidi hutumia katika kazi za nyumbani na za kulea, zisizolipwa, karibu mara tano ya muda wautumiao wanaume. Angalia vizuri hapo paliposemwa miaka 15. Huo ni umri wa mwanafunzi wa sekondari. Hesabu ile haikuwasema mama zenu tu. Iliwasema na ninyi mlioketi darasani.

Najua nitakalojibiwa. Wazee wataniambia kwamba hii ndiyo desturi yetu, kwamba mkubwa amlee mdogo, na kwamba wao walilelewa hivyo wakawa watu. Jibu hili lastahili heshima, nami sitalipita kwa dharau. Ni kweli kwamba kumbeba mdogo wako humfundisha mtu huruma na subira ambazo hazimo katika kitabu chochote, na mtoto asiyepata kumlaza mdogo wake amekosa kitu. Lakini desturi inayotajwa haikuwa ya msichana mmoja na mtoto mmoja gizani. Ilikuwa desturi ya uga mzima. Palikuwa na bibi, ambaye Waluhya wengi humwita kukhu, aliyekuwa na nafasi ya kukaa na wajukuu. Palikuwa na mashangazi, na wake wenza, na mabinti wengi wa rika moja, na mtoto alipita mikononi mwa watu kumi kabla jua halijatua. Baba naye, hata kama hakubeba mtoto, alikuwapo.

Uga huo ulianza kuvunjwa zamani, wala haukuvunjwa na wanawake. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, migodi iliwavuta wanaume kwa maelfu. Wengine walikwenda na reli, wengine mashamba ya majani chai ya Kericho na Nandi, wengine Nairobi. Na wengi wao walirudi kwa likizo tu, au kwa jeneza. Shule, kwa haki yake, iliwachukua watoto mchana. Kukhu wa leo aghalabu ana shamba lake la kulima na maradhi yake ya kutibu, na mara nyingine ana wajukuu wengine aliotumiwa kutoka mjini. Katika watu kumi wamebaki wawili, mama na binti, na mzigo ni ule ule. Ayatakaye mambo ya kale na ayatake yote. Hawezi kuufuta uga wote, akabakiza mgongo wa msichana, kisha akauita mgongo huo desturi.

Sasa tumwulize baba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba wajibu huo ni wa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Neno ni sawasawa. Halikusema kwamba mmoja alete fedha na mwingine alete fedha na malezi pamoja. Hata hivyo sheria nyingine, ile ya ajira ya mwaka 2007, humpa mama aliyeajiriwa miezi 3 ya likizo yenye mshahara anapojifungua, na baba majuma 2. Mfinyanzi hajaajiriwa na mtu, basi hana hata siku moja, na hurudi kwenye udongo pindi mgongo unapomruhusu.

Lakini kinachomzuia baba zaidi kuliko sheria ni kicheko. Mwanamume akipita sokoni na mtoto mgongoni, vijana humcheka. Humwuliza kama mkewe amempa dawa. Nimewasikia wavulana wenye sare za shule, wanaojua kueleza haki za binadamu kwa Kiswahili fasaha katika mtihani, wakicheka kicheko hicho njiani siku ile ile. Kwao naona ni mzaha, na hata mimi nikiwa mvulana nilicheka hivyo. Lakini mzaha huo una gharama, na mwenye kuilipa hayupo pale njiani. Kila baba anayemrudisha mtoto kwa mama kwa kuogopa kuchekwa ameongeza saa moja juu ya binti yake.

Wapo watakaosema kwamba serikali imekwisha kusaidia. Ni kweli kwamba Kaunti ya Kakamega ilianzisha mwaka 2013 mpango wa kuwapa akina mama wahitaji fedha kidogo kidogo, kwa sharti la kuhudhuria kliniki, tangu wakati wa mimba mpaka mtoto atimize miezi 18. Ulikuwa mpango mwema, nami nausifu. Lakini tazama hesabu ya miezi. Mtoto wa miezi 18 ndiye kwanza ameanza kukimbia, na kuanzia hapo huhitaji mlinzi kuliko alipokuwa amelala. Shule ya chekechea itampokea akiwa na miaka 4. Katikati pana miaka miwili na nusu ambayo haina mwenyewe. Ndiyo miaka ya moto wa vyungu na mafuta ya maandazi.

Tena jambo hili halikusahauliwa na waandishi wa Katiba. Katika Jedwali la Nne, palipoorodheshwa kazi za serikali za kaunti, pameandikwa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, na katika mstari huo huo pametajwa mahali pa kulelea watoto. Mstari mmoja, na bado tumeusoma nusu. Kila mahali twasikia viongozi wakifungua madarasa ya chekechea. Ni mara chache tusikiapo amefungua nyumba ya kulelea watoto wa miaka miwili karibu na soko.

Nyumba hiyo haihitaji ghorofa. Chumba safi chenye ua uliofungwa, maji, choo, mikeka, na wanawake wawili watatu wenye umri na utulivu, waliofundishwa na wanaolipwa. Wasemao kwamba fedha hazipo wafikiri kwamba malezi yasiyolipwa hayana gharama. Yana gharama, ila muswada wake hupelekwa kwa mtu asiyeweza kuukataa. Msichana aliyeanguka hesabu kwa sababu ya usingizi amelipa. Atalipa tena akikosa chuo, na tena akirudi yeye mwenyewe kukaa uani na udongo, na binti wa kumpokea mtoto saa kumi jioni.

Nimebakiza mtu mmoja wa kugombana naye, naye ni mnunuzi. Husimamisha gari lake Ilesi, akashika chungu, akakigonga kwa kidole kusikia mlio wake, akauliza bei. Akitajiwa, hushtuka kama aliyetukanwa. Husema kwamba huu ni udongo tu, na hapa pana "tu" nyingine. Hupunguza shilingi hamsini, hupunguza nyingine hamsini, akaondoka amefurahi, akiwaambia rafiki zake kwamba ameokota chungu kwa bei ya bure. Katika bei ile ya kwanza, aliyoiona kubwa, palikuwa na udongo, kuni, na mikono ya mama. Hapakuwa na hata senti moja ya yule aliyembeba mtoto ili chungu kiweze kukauka kwa wakati wake. Yeye hakuhesabiwa hata na mama, kwa kuwa mama angemhesabu chungu kisingenunuliwa. Mnunuzi akipunguza shilingi mia, basi, huipunguza kutoka kwa mtu ambaye hata hakuwamo katika bei.

Mwalimu wa darasa la kutwa aweza kuanza kesho bila kungoja kaunti. Awaulize wanafunzi wake, wavulana na wasichana pamoja, waandike walichofanya jana tangu saa kumi jioni mpaka walipolala, saa kwa saa, bila majina. Karatasi zikusanywe zisomwe mbele ya wote. Kisha wavulana waulizwe ni saa ngapi katika hizo wako tayari kuzichukua, na siku gani, na jibu liandikwe ubaoni.